Jumapili za Miaka Mitatu

Chukueni daftari na penseli, wanangu, maana hadithi hii haitoshi kusikilizwa kwa masikio peke yake. Ndani yake hamna sungura wala sultani. Mhusika mkuu ni namba, na namba yenyewe ni hii:

147,573,952,589,676,412,927

Ina tarakimu 21. Ukitaka kuipata, andika 2, uzidishe kwa 2, uzidishe tena kwa 2, uendelee hivyo mpaka umetumia mbili 67. Ukimaliza, toa 1. Wanahisabati huiandika kwa ufupi 2⁶⁷ − 1, yaani mbili kipeo cha sitini na saba, toa moja. Kwa miaka 259 dunia ilikuwa na orodha iliyosema kwamba namba hii haigawanyiki. Kisha siku moja mtu akasimama mbele ya ubao na kuipasua vipande viwili.

Kabla hatujamfikia mtu huyo, nataka muuone ukubwa wa namba yenyewe. Mwaka 1883 Mfaransa Édouard Lucas, ambaye mtamkuta tena mbele, alitoa mchezo uitwao Mnara wa Hanoi. Kuna vijiti vitatu vilivyosimama. Kijiti cha kwanza kimevishwa visahani vyenye tundu katikati, kikubwa chini na kidogo juu. Kazi yako ni kuuhamisha mnara wote hadi kijiti kingine, kisahani kimoja kimoja, na ni marufuku kuweka kikubwa juu ya kidogo. Mnaweza kuujaribu leo hii kwa sarafu za ukubwa tofauti na duara tatu zilizochorwa kwenye karatasi.

Kisahani kimoja kinahitaji mwendo 1. Viwili vinahitaji miendo 3. Vitatu, 7. Vinne, 15. Vitano, 31. Mnaona kinachotokea? Ili kile kikubwa cha chini kipate kusogea, lazima kwanza vya juu yake vyote vihame. Kisha kinasogea chenyewe, mara moja tu. Halafu vya juu vyote vinarudi kukikalia. Kwa hiyo kila unapoongeza kisahani kimoja, unafanya kazi ya zamani mara mbili na kuongeza moja. Ukiwa na visahani 67, miendo inayohitajika ni ile namba yetu barabara, bila kuzidi wala kupungua. Mtu akisogeza kisahani kimoja kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, atamaliza baada ya zaidi ya miaka trilioni 4.

Sasa swali. Je, namba hii ni tasa?

Namba tasa mnazijua kutoka darasani: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Hazigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Namba nyingine zote kuanzia 4 zimejengwa kwa kuzidisha namba tasa: 12 ni 2 × 2 × 3, na 91 ni 7 × 13. Hakuna namba yenye njia mbili tofauti za kujengwa. Ukivipata vigawo tasa vya 91, umevipata vyote, na mtu wa Mombasa, wa Bujumbura au wa Muscat atapata vilevile. Mimi naliona hili kuwa mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika hesabu, ndiyo maana nalitaja hata kama mwalimu wenu ameshalisema.

Tazameni tena miendo ya mnara: 1, 3, 7, 15, 31, 63, 127. Humo 3, 7, 31 na 127 ni tasa. 15 na 63 si tasa. Ukihesabu visahani utaona kwamba pale idadi ya visahani ilipokuwa na vigawo, namba ilivunjika. Visahani 6 vinatoa 63, na kwa kuwa 6 ni 2 × 3, basi 63 inagawanyika kwa namba ya visahani 2, yaani 3, na kwa namba ya visahani 3, yaani 7. Hilo ni lazima, halina bahati ndani yake. Kwa hiyo anayetafuta namba tasa za aina hii huangalia vipeo tasa peke yake: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na wenzao.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kipeo 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2047, na 2047 ni 23 × 89. Kipeo kuwa tasa hakutoshi.

Mtu aliyejitosa katika mtego huo alikuwa mtawa Mkatoliki wa Paris, Marin Mersenne, aliyezaliwa mwaka 1588. Alikuwa na moyo wa kuwaandikia watu barua. Wanahisabati wa Ulaya wakati ule hawakuwa na majarida ya kisayansi, basi habari nyingi zilipitia kwake: huyu alimwandikia kuhusu muziki, yule kuhusu mwendo wa vitu vinavyoanguka, mwingine kuhusu namba. Mwaka 1644 alichapisha kitabu na ndani yake akaorodhesha vipeo ambavyo, kwa maneno yake, vinatoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Vingine vyote hadi 257, alisema, havitoi.

Mersenne hakuonyesha hesabu. Asingeweza kuwa nayo. Kwa kalamu na karatasi za karne ya 17 hakukuwa na njia ya kuipima namba ya tarakimu 21, seuze ya tarakimu 78 kama ile ya kipeo 257. Orodha ile ilibaki kama ahadi, na watu waliifanyia kazi kwa zaidi ya miaka mia tatu. Mwaka 1772 Leonhard Euler, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kupofuka karibu kabisa, alithibitisha kwamba 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647, kweli ni tasa. Mwaka 1883 padri wa Urusi, Ivan Pervushin, akaonyesha kwamba kipeo 61 nacho kinatoa namba tasa, na Mersenne alikuwa amekisahau. Baadaye vikaonekana 89 na 107, navyo vilikuwa vimeachwa. Hata hivyo simlaumu mtawa yule. Orodha yake yenye makosa iliwapa watu swali la kushika mkononi, na bila swali hilo huenda namba yetu isingetazamwa na mtu.

Sasa Lucas anarudi, yule wa visahani. Mwaka 1876 alitangaza jambo ambalo linapaswa kuwashangaza ninyi kama lilivyonishangaza mimi nilipolisoma mara ya kwanza. Alisema 2⁶⁷ − 1 si tasa. Lakini vigawo vyake ni vipi, hakuvijua. Hakuwa na kimoja.

Inawezekanaje kujua kwamba namba inagawanyika bila kujua inagawanyika kwa namba ipi? Hapa ndipo penseli inapohitajika. Nitawapa kanuni aliyoianzisha Lucas, katika umbo jepesi ambalo Mmarekani Derrick Henry Lehmer aliliweka sawa katika miaka ya 1930. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa namba unayoipima na ubaki na baki peke yake. Rudia kwa baki hilo. Idadi ya kurudia ni kipeo toa 2. Ikiwa mwisho wake ni 0, namba yako ni tasa. Ikiwa mwisho wake ni kitu kingine chochote, si tasa.

Tuipime 31, ambayo kipeo chake ni 5. Tutafanya mara tatu. 4 × 4 − 2 ni 14. 14 × 14 − 2 ni 194, na 194 ukiigawanya kwa 31 inabaki 8. 8 × 8 − 2 ni 62, na 62 kwa 31 inabaki 0. Kwa hiyo 31 ni tasa, na hatukujaribu kuigawanya kwa 2, wala 3, wala 5.

Sasa 2047, kipeo 11, mara tisa. Fanyeni wenyewe, mkilinganisha na mabaki haya: 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Mwisho ni 1736. Si 0. Basi 2047 si tasa, na katika hesabu yote hiyo 23 haikutajwa, wala 89. Uthibitisho umekamilika, lakini vigawo bado vimejificha. Kujua kwamba namba ina vigawo ni elimu moja, na kuvijua vigawo vyenyewe ni elimu nyingine. Hata leo, pamoja na kompyuta zetu, ya kwanza ni nyepesi na ya pili ni ngumu mno.

Basi kwa miaka 27 namba yetu ilikaa katika hali hiyo. Ilijulikana kuwa si tasa, na haikuwa na mtu wa kuifungua.

Frank Nelson Cole alizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1861. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, na kwa miaka mingi alikuwa katibu wa Chama cha Hisabati cha Marekani. Tarehe 31 Oktoba 1903 chama hicho kilikutana New York, na katika ratiba jina lake liliandikwa pamoja na mada isiyo na mbwembwe: kuhusu kutafuta vigawo vya namba kubwa.

Kilichofuata kimesimuliwa na mwanahisabati Eric Temple Bell, aliyeandika miaka mingi baadaye na aliyependa kuikoleza hadithi, kwa hiyo mpokeeni hivyo. Anasema Cole alikwenda ubaoni bila kutamka neno. Akachukua chaki akaanza kuizidisha mbili, hatua kwa hatua, mpaka kipeo cha 67. Akatoa 1. Kisha akasogea upande mwingine wa ubao palipokuwa peupe, akaandika:

193,707,721 × 761,838,257,287

Akazidisha kwa mkono, mstari chini ya mstari, kama mnavyofundishwa shuleni. Majibu ya pande mbili yakalingana. Akarudi kuketi, bado hajasema kitu, na ukumbi ukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza swali.

Nami naamini ukimya ule, hata kama Bell ameupamba, uliifaa kazi yenyewe. Angesema nini? Aliyeujua mchezo wa kuzidisha aliweza kuhakikisha kila tarakimu kwa macho yake. Nanyi hamna haja ya kuniamini mimi. Kama kuzidisha kote kunawachosha, tumieni kwanza njia ya wazee wa hesabu: jumlisheni tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja. Za 193,707,721 ni 37, yaani 10, yaani 1. Za 761,838,257,287 ni 64, yaani 10, yaani 1. Moja mara moja ni moja. Basi tarakimu za namba kubwa nazo lazima ziishie kwenye 1. Zijumlisheni: ni 109, yaani 10, yaani 1. Njia hii haithibitishi kwamba jibu ni sahihi, ila jibu baya mara nyingi hukamatwa hapo. Kwa uthibitisho kamili, zidisheni.

Bell anasema mwaka 1911 alimwuliza Cole ilimchukua muda gani kuipasua namba ile. Cole akamjibu: Jumapili za miaka mitatu.

Watu wengi husimulia hadithi hii wakaishia kwenye subira ya Cole. Subira ilikuwepo, lakini haikutosha, na naweza kuwaonyesha kwa hesabu.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, hakimu wa Toulouse aliyependa namba kuliko kesi zake, alimwandikia Mersenne barua yenye siri kubwa. Kigawo chochote tasa cha namba ya aina hii, alisema, ukikitoa 1 kinagawanyika kwa kipeo mara mbili. Tazameni 2047: kipeo ni 11, mara mbili ni 22. 23 toa 1 ni 22. 89 toa 1 ni 88, ambayo ni 4 × 22. Kwa siri hiyo Fermat mwenyewe aligundua kwamba 2³⁷ − 1 inagawanyika kwa 223, maana 222 ni 6 × 37.

Kwa namba ya Cole, kipeo mara mbili ni 134. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kujaribu kila namba. Angejaribu 135, 269, 403 na kuendelea, akiruka 134 kila mara. Na kigawo chake kidogo, 193,707,721, kimekaa kwenye mruko wa 1,445,580. Zidisheni 1,445,580 kwa 134, ongezeni 1, mtakiona. Kigawo kikubwa nacho kinafuata sheria ileile, kwenye mruko wa 5,685,360,129.

Kuna siri ya pili: kigawo tasa cha namba hizi, kikigawanywa kwa 8, lazima kibaki 1 au 7. Hiyo inafuta nusu ya miruko. Bado zinabaki zaidi ya namba 722,000 za kujaribu kabla ya kufika kwenye kigawo kile. Tuseme kuigawanya namba ya tarakimu 21 kwa mkono kunachukua dakika tano, na tuseme Cole alifanya kazi saa kumi kila Jumapili. Angemaliza baada ya zaidi ya miaka 115. Na kumbukeni, hakujua kazi ingeishia wapi. Kama kigawo kingekuwa mbali zaidi, wajukuu wa wajukuu zake wangekuwa bado wanagawanya.

Miaka mitatu ilitosha kwa sababu alibuni chujio baada ya chujio. Alichunguza mabaki yanayoachwa na namba za mraba zinapogawanywa kwa namba yake, na kila baki jipya la namna hiyo lilimwambia kwamba karibu nusu ya namba zilizosalia haziwezi kuwa vigawo. Nusu ikafutwa, kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo. Vyujio kumi vya namna hiyo huacha kama namba moja katika kila elfu. Jumapili zake nyingi zilikwenda katika kutafuta sababu za kutojaribu.

Mkiwa na umri wa kuuliza kila kitu, mtaniuliza: faida yake ni nini? Mwaka 1903 haikuwepo faida ya kushika mkononi. Cole aliitafuta kwa kuipenda. Lakini tazameni alichotuachia ubaoni. Kuzidisha namba mbili kulimchukua muda mfupi, na kuzitenganisha kulimchukua miaka. Ni sawa na ufuta na ulezi: kuvimimina katika ungo mmoja ni kitendo cha mara moja, kuvichambua punje kwa punje ni kazi ya siku nyingi.

Mwaka 1977 vijana watatu wa chuo cha MIT huko Marekani, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waliigeuza tofauti hiyo kuwa kufuli. Unachagua namba mbili tasa kubwa sana, unazizidisha, na zao lake unalitangaza hadharani. Yeyote anaweza kulitumia kukufungia ujumbe. Kuufungua, lazima ujue zile namba mbili. Kufuli za namna hii zimelinda mawasiliano mengi ya benki na tovuti duniani, zikiwemo za kwetu.

Mwaka huohuo walitoa namba ya tarakimu 129 katika jarida la Scientific American, wakaahidi dola 100 kwa atakayeipasua. Ilisimama miaka 17. Mwaka 1994 watu wa kujitolea wapatao 600, wakitumia mashine zipatazo 1,600 zilizounganishwa kwa intaneti, waliipasua katika namba mbili tasa, moja ya tarakimu 64 na nyingine ya tarakimu 65. Namba ya Cole, kwa kompyuta ya leo, haichukui hata sekunde. Kwa hiyo waliotengeneza kufuli waliongeza tarakimu, na sasa wanatumia mamia.

Lakini kazi ya Cole haijaisha, na hili ndilo nililotaka mlibebe. Kuna namba ya familia yake, 2¹²⁷⁷ − 1. Ina tarakimu 385. Jirani yake, 2¹²⁷⁹ − 1, ni tasa, na ilithibitishwa mwaka 1952 kwa kompyuta iliyoitwa SWAC huko Los Angeles. Lakini 2¹²⁷⁷ − 1 yenyewe si tasa. Jaribio la Lucas limeshasema hivyo, na halikosei. Hata hivyo, pamoja na mashine nyingi zilizoisaga kwa miaka na miaka, hadi mwaka 2024 hakuna binadamu aliyekuwa anakijua kigawo chake hata kimoja. Vigawo vidogo vimekwisha kutafutwa na havipo, kwa hiyo msianze kwa kugawanya. Anzeni kwa kutafuta chujio. Chujio cha kwanza nawapa mimi: kigawo chochote tasa cha namba hiyo, ukikitoa 1, kinagawanyika kwa 2554. Cha pili mmeshakisoma hapo juu. Cha tatu na kuendelea ni kazi yenu.